Minazi Mitatu ya Mbwawa

Bi Tatu alikuwa na woga mmoja tu: kunyang'anywa nyumba ya Mbwawa. Marehemu mumewe hakumwachia kingine. Yeye anakaa Kisarawe kwa binti yake Hamisa, na nyumba kampangisha mwalimu mmoja, Ambokile, mtu wa Mbeya, mpole hata kupaza sauti hajui. Kila akipiga simu kuomba arekebishe kitu, Bi Tatu anajibu, "Fanya tu baba, hapo ni kwako." Si ndivyo watu wanavyosema? Basi Ambokile akaweka dari. Akaweka na geti.

Siku Bi Tatu alipokwenda kujionea, jirani mgeni akamwambia, "Mwenye nyumba katoka, bibi, mngoje." Mwenye nyumba! Kuingia uani, akakuta minazi mitatu michanga, imezungushiwa matofali. Jamani, mpangaji gani anapanda mnazi? Mchicha sawa, miezi miwili umekula umekwisha. Mnazi anapanda mwenye ardhi, ili wajukuu zake waje waangue. Kesi ngapi kaziona kwao, mtu anaonyesha mti aliopanda na kiwanja kinakuwa chake? Akaing'oa yote mitatu kwa mikono yake, huku akigeukageuka kutazama geti.

Ambokile akamkuta hapohapo, udongo mpaka viwikoni. Akaitazama minazi iliyolala chini. Akaingia ndani, akatoka na karatasi.

"Nilitaka kukuletea Jumamosi, mama. Ukiridhika, weka dole gumba hapa chini."

Kusoma Bi Tatu hajui, na wajane wangapi wamedhulumiwa kwa dole hilohilo? Akaikunja karatasi, akaifutika kifuani, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akiipapasa, akiamini nyumba imeshakwenda.

Kisarawe, Hamisa akamsomea: "Vyote nilivyojenga na kupanda ni mali ya Bi Tatu. Nikihama sitang'oa kitu. Naomba tu nisihamishwe kabla mke wangu hajajifungua."

"Rudia," akasema Bi Tatu.

Hamisa akarudia, kisha akapiga namba ya Ambokile na kumpa mama yake simu.

"Shikamoo mama," Ambokile akaitika upande wa pili. "Nimekosa wapi? Tuanze kufungasha?"

"Marahaba, baba," akasema Bi Tatu. "Niambie, miche ile ya minazi uliinunua wapi?"