Kijiko cha Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani mjini Kilosa, na kila mtoto alipozaliwa katika ukoo alituletea msemo wa Kiingereza. Mtoto wa tajiri, alitueleza, Waingereza husema kazaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Wa nje ya ndoa wao humwita aliyezaliwa upande usiofaa wa blanketi. Sisi blanketi letu lilikuwa moja, limetoboka pande zote, na hatukuwahi kujua upande upi ulifaa. Akishatoa msemo wake alisubiri tumshangae. Tulimshangaa, maana alikuwa mjomba. Kwetu milimani mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Baba mtu hukaa kando akakohoa.

Binti yangu wa kwanza nilimzaa baada ya kushushwa kutoka milimani kuja kijiji cha ujamaa, bondeni karibu na Tindiga, wakati ule wa njaa tulipokula unga wa njano. Siku ya kumtoa mtoto nje, mjomba alifika kwa lori, amevaa suti, kalamu mbili mfukoni. Akaitikia shikamoo zetu, akatoa kijiko kidogo king'aacho, akamgusisha mtoto midomoni mbele ya wageni. Kisha akatangaza kwamba huyu hatakulia kwenye vumbi la ujamaa: akiacha ziwa tu, atamchukua akalelewe kwake Magomeni, pale pale Kilosa mjini. Mimi hakuniuliza. Alimwambia mama yangu, naye akatazama chini. Mume wangu akakohoa.

Nilimchukia mjomba siku ile, nasema wazi, yeye na Kiingereza chake chote.

Sasa, ukoo wetu una watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana kwenye sherehe na hata msibani. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Mama mmoja wa kwao, mpika pombe asiye na kufuli mdomoni, alimpokonya mtoto mapajani mwangu akaenda naye mbio hadi ukingoni mwa shamba la kijiji, nyuma tu ya nyumba yetu. Hiyo ni desturi, na kwa kawaida mtoto hukombolewa kwa kuku. Yeye kuku hakumtaka. Alitaka mstari mmoja wa mahindi upaliliwe mwanzo hadi mwisho, na atakayeumaliza ndiye atakayemlea mtoto.

Mjomba akachekea puani. "Mtani, mimi sikuzaliwa jana."

"Najua," akasema yule mama. "Ulizaliwa zamani, ukatanguliza miguu. Kichwa ndicho hakijafika mpaka leo."

Watu walicheka hadi mwenyekiti wa kijiji akaegemea ukuta. Mjomba hakuwa na pa kutokea. Akavua koti, akalishika jembe kama aliyeshikishwa nyoka, akaingia shambani. Alikata mahindi, akaacha magugu. Mwenyekiti, ambaye shamba lile lilikuwa roho yake, hakucheka tena. Mjomba hakufika mbali. Akasimama, akatazama malengelenge yake, akauliza kama anaweza kumkomboa mtoto kwa kile kijiko.

"Hakipalilii," akajibiwa.

Nikainuka. Wanawake wakanizuia, kwamba mzazi hashiki jembe kabla ya arobaini. Mama yangu, aliyekuwa bado ametazama chini, akainua macho. Akanifunga kanga kiunoni, akaikaza kwa nguvu. Nikalichukua jembe mikononi mwa mjomba, nikaanza pale alipoishia. Maziwa yalilowanisha nguo kila mtoto alipolia, lakini sikusimama.

Nilipofika mwisho, mtani alikuwa ananingoja. "Mchukue mwanao," akasema, na sauti yake haikuwa na utani.

Mjomba alirudi mjini kwa lori lile lile. Suala la Magomeni halikutajwa tena. Kijiko alikisahau juu ya mkeka, nami nikamlishia binti yangu uji wa unga wa njano kwa kijiko hicho. Haukupita muda ile fedha ikabanduka, na chini yake ni bati tupu.

Alikuja tena mtoto alipokuwa ameanza kutembea. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha uji, nikamwekea kijiko chake.