Nati Zilizobaki Kwenye Sinia la Pilau

Mniwie radhi kwa mwandiko huu unaolala upande, na kwa herufi nitakazoziruka. Shule niliishia darasa la nne, na kuandika naandika polepole.

Leo asubuhi nilikuwa najaza taa, mafuta yakanimwagikia vidoleni. Harufu ile ikanirudisha uani kwetu Kivinje, mwaka aliofariki baba.

Baba alikuwa na gari kuukuu la kubebea ufuta kutoka Kiranjeranje. Kabla hajaugua alilifungua lote ili alitengeneze upya. Kila chuma alichokitoa, mama alikiosha kwa mafuta ya taa, akakifunga kwa kipande cha kanga zake zilizochakaa: vya injini kanga ya njano, vya usukani kanga nyekundu. Baba alikuwa akimtania kwamba gari lile lina nguo nyingi kuliko bibi harusi. Kisha baba akafa, na gari likabaki uani mafungu mafungu.

Mama akakaa eda, ndani, na nguo zake nyeupe. Baba mdogo akataka gari liuzwe kama chuma kikuukuu. Mama akakataa, akaagiza aitwe Fundi Hamisi aliunge. Baba mdogo akaweka sharti mbele ya wazee wa ukoo: mama akitoka eda na gari halitembei, mnunuzi wa vyuma atalichukua.

Fundi alikuwa mcheshi, na mwenye haraka. Alifungua vifurushi vyote kwa mpigo, vitambaa akavifanya vya kufutia mikono. Alipomaliza kuunga, kwenye sinia letu la pilau zilikuwa zimebaki nati, bolti na springi ndogo.

"Hizo ziada," akasema. "Gari likizeeka huacha vyuma, kama mzee anavyoacha meno."

Baba mdogo, aliyekuwa haishi kuja kuchungulia, akacheka. "Gari gani linabakiza sinia zima? Hilo limeshakufa. Eda inaisha kesho, namleta mnunuzi."

Mama akaniita ndani na lile sinia. Akafumba macho, akapapasa chuma kimoja kimoja. Nati moja kubwa, iliyomeguka ukingo, akailaza juu ya kovu la kidole gumba chake. Mmeguko na kovu vikalingana.

"Hii ndiyo iliyonichana nikiiosha," akasema. "Ilikuwa kwenye kanga nyekundu. Ni ya usukani, kwa chini, upande wa kulia. Nenda kawaambie."

Mimi! Mimi niliyekuwa nikitoa shikamoo huku naangalia vidole vya miguu!

"Mama, waambie wewe hapo mlangoni."

"Mimi nimo edani. Sema wewe. Na usinong'one."

Nikatoka na nati mkononi. "Mama anasema nati hii ni ya usukani, chini, kulia."

"Shemeji siku hizi anafanya ufundi akiwa kitandani?" baba mdogo akasema. "Rudi ndani, binti."

"Sirudi." Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. "Mama anasema fundi alale chini aangalie. Na gari haliuzwi!"

Hilo la mwisho mama hakunituma.

Fundi akaguna, akajilaza, akaingia uvunguni. Kisha tukamsikia: "Lahaula! Lete hiyo nati, mwanangu. Tungeishia mtaroni pale kilima cha Singino."

Nikawa naingia na kutoka, chuma baada ya chuma. Mama anapapasa, mimi napaza sauti, fundi anafunga, hata sinia likawa tupu. Hendeli ya kuwashia ikazungushwa. Gari likakohoa, likanguruma, kuku wakatawanyika. Baba mdogo akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Miaka ikapita. Siku moja mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akatufundisha kwamba eda haimkatazi mjane kusema na mtu nyuma ya mlango kwa jambo la lazima. Nikarudi nyumbani mbio. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Mama, ulijua kwamba ungeweza kusema nao mwenyewe?"

"Nilijua," akajibu, bila kuinua macho. "Mimi eda yangu ilikuwa na mwisho. Wewe ungetoka lini?"

Jirani yetu mmoja ameona karatasi hii, akasema mwandiko kama huu hautolewi mbele za watu. Nautoa. Nawe uliyesoma hadi hapa, kama yupo aliyewahi kukusukuma nje ukaseme, niandikie unisimulie. Nitakujibu, hata kama nitachelewa, na kwa mwandiko huu huu.