Mrehani Kando ya Ghala

Jana fundi wangu aling'oa mche mmoja kwenye msingi wa ghala langu jipya, na harufu ya mrehani ikanijaa puani. Ghala hilo ni la tatu. Kutoka Mambrui hadi Mnarani hakuna asiyejua maghala yangu, nami chuoni sikumaliza hata juzuu moja.

Nilipokuwa mdogo, kiwanja kinachopakana na ghala hilo kilikuwa makaburi ya zamani. Watu walikuwa wamehamia kuzika kwengine, na tajiri mmoja akapewa ardhi ile alime simsim. Aliwaahidi wazee kwamba kaburi lenye mrehani halitaguswa, maana ndio tuliowapandia wafu wetu. Bibi yangu alimzika mwanawe mchanga pale, lakini mvua za miaka zilikwisha sawazisha udongo, asijue tena mtoto alilala wapi.

Basi akapanda mrehani kiwanja kizima, mimi nikimtekea maji.

Mkulima wa tajiri alipokuja na jembe alisimama akiduwaa.

"Bibi, hawa wote wamekufa lini? Mwezi jana makaburi yalikuwa manne."

"Wamekufa zamani, mwanangu. Mrehani ndio uliochelewa kuota."

"Na mimi nilime wapi?"

"Lima njiani."

Akacheka, akalima ukingoni tu, akenda zake.

Jana fundi aliniuliza, "Tajiri, na hii mingine niing'oe?"

Nikamwambia aurudishe ule mche mchangani, kisha ausogeze ukuta.

"Msingi umekwisha chimbwa, tajiri."

"Chimba mwengine."