Barua ya Mama Koku Kabla ya Vurugu za Soko

Jamani, leo nimeipata barua ambayo mheshimiwa alisema haipo, na bado nimechoka.

Diwani mmoja alidai redioni kwamba kabla ya vurugu za sokoni hakuna aliyeomba ulinzi. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nikatoka Bukoba hadi Muleba kuhakiki.

Mama Koku, muuza ndizi aliyechomewa kibanda, akanionyesha nakala ya barua.
"Tuliomba askari wiki nzima kabla, waitu, ndugu yangu."

Sahihi ya aliyeipokea? Ya diwani mwenyewe!

Nikampigia.
"Sahihi ni yangu," akasema. "Ila barua sikuisoma."

Nikamwambia Mama Koku. Wala hakukasirika.
"Sasa tukiogopa tena, tumwandikie nani?"

Ninyi mngemwambiaje?