Saini Niliyoiweka Kabla ya Safari

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, alasiri, niliposaini karatasi nne ambazo hazikuwa na neno hata moja. Usinicheke, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mke wangu ana mimba ya kwanza, na mtaani kwetu Umoja, Nairobi, miaka hiyo ya tisini, maji yalikuja Ijumaa tu. Ukichelewa kufika, mfereji umeshakauka, na wiki nzima utanunua maji ya mkokoteni. Basi nikasaini, nikakimbia kujaza mitungi.

Ngoja nikueleze karatasi zenyewe. Nilikuwa dereva wa serikali, na gari la serikali haliendi hata kununua chumvi bila tiketi ya kazi. Ni karatasi ya kuandikia safari: umetoka wapi, umekwenda wapi, umebeba nani, umebeba nini, kisha dereva anatia saini chini. Sheria ilisema usaini safari ikishaisha. Lakini sisi madereva tulikuwa na desturi yetu. Kila Ijumaa karani wa magari, kijana mwenzangu aitwaye Joeli, alitandaza mezani karatasi za wiki inayofuata.

"Niaje, Kioko. Tia mkono hapa, hapa na hapa, nisikusumbue Jumatatu."

Sote tulitia. Aliyekataa alionekana mtu wa maringo, na nani alitaka kugombana na karani anayegawa magari?

Na gari nililoliendesha halikuwa la mtu hivi hivi. Nilimwendesha mkurugenzi wa ofisi mpya ya kupambana na ufisadi nchini. Sisi tulimwita Mkubwa. Mtu mrefu, mkimya, aliyekuja na chakula chake kutoka nyumbani ili asile cha mtu. Mwanzoni wanasiasa walimsifu sana. Kisha akafungua majalada ya viwanja vya umma vilivyonyakuliwa, na majina yaliyotokea humo yakawa ya wale wale waliomsifu. Ala! Sifa zikakatika kama umeme.

Zikaanza simu. Sikuzisikia, ila niliuona uso wake kwenye kioo cha gari asubuhi. Halafu waziri mmoja akasimama kwenye mkutano wa hadhara, akasema mkurugenzi anatumiwa na maadui wa serikali. Halafu wapelelezi wake wawili wakahamishwa siku moja, kila mmoja pembe yake ya nchi. Yeye akaendelea na kazi. Walipoona hatishiki, wakaamua achafuliwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu wa nguo ya Mkubwa nilikuwa mimi.

Jumatatu moja magazeti yakatoka na habari kwamba mkurugenzi wa kupambana na ufisadi anabeba saruji kwa gari la serikali, anajenga kwao kijijini. Safari nne, Jumamosi nne. Ushahidi ni tiketi za kazi zenye saini ya dereva wake mwenyewe. Niliisoma nikiwa nimesimama kwa muuza magazeti. Haki ya Mungu, sikuwahi kubeba hata msumari wa Mkubwa. Lakini saini zilikuwa zangu. Nilipokimbilia meza ya Joeli nikaambiwa amepandishwa cheo, yuko mkoa mwingine.

Kesho yake jioni wanaume wawili wakabisha mlangoni kwangu. Viatu vyao viling'aa, na Umoja ilikuwa na matope siku hiyo, kwa hiyo nikajua wameletwa na gari hadi mlangoni. Mke wangu, Ndunge, akawatengea chai. Wakanywa kwa adabu, wakashukuru.

"Kijana, hatukuombi useme uongo," akasema yule aliyeonekana kiongozi wao. "Imeundwa kamati ya kuchunguza habari hii ya saruji. Itakuuliza swali moja tu: hii saini ni yako? Wewe jibu ndiyo, ukae chini. Kwani si kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Basi umemaliza."

Mwenzake akamuuliza Ndunge, kwa upole kabisa, kama angependa kujifungulia hapa Nairobi au huko jangwani, maana huko nako wanahitaji dereva. Mwanangu, mtu anaweza kukutisha huku akikuomba sukari. Na mimi nilijua hesabu yangu ya pili: kama ningesema nilisaini karatasi tupu, hilo lenyewe lilikuwa kosa la kunifukuzisha kazi. Ili nimtoe Mkubwa shimoni, ilibidi niingie mimi.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Mwenyekiti akainua karatasi.

"Hii saini ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Asante. Keti."

Nikaketi. Haikuchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Mkubwa alikuwa upande wa pili wa meza. Aliniangalia, kisha akaangalia mikono yake.

Jioni hiyo nilimrudisha nyumbani, na kwa mara ya kwanza akakaa kiti cha mbele, kando yangu. Kisha akaniuliza, "Kioko, ulizisaini zikiwa tupu?"

"Ndiyo, Mkubwa." Nikaanza kulia, mwanamume mzima, usukani mkononi.

"Nilikuwa nakuona Ijumaa pale kwa Joeli," akasema. "Nikajiambia, hili dogo nitalishughulikia nikimaliza yale makubwa." Usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye mwenyewe alikuwa akituhubiria hivyo wafanyakazi. Hakuniomba nirudi kwenye kamati. Laiti angenitukana! Ningepata pa kushikia hasira. Alishuka, akaniambia nifike salama.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda mtaa wa Mowlem kwa Mzee Musembi, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyenipokea nilipotoka Ukambani nikiwa sina hata shati la pili. Alikuwa mchonga vinyago. Alichonga swala na paa wa kuuzwa madukani mjini, na baraza yake ilikuwa imejaa mabanzi hadi ukose pa kukanyaga. Nikamweleza yote. Nilitazamia kubembelezwa, nisikufiche.

Akanipa kipande cha msasa na swala mmoja. "Sugua," akasema. "Jina langu huliandika wapi?"

"Chini ya kwato, Baba."

"Lini?"

"Ukishamaliza."

"Umewahi kuniona nikiliandika kwenye gogo?"

Nikaendelea kusugua.

"Wewe umempa mtu gogo lenye jina lako, ukamwongezea na patasi. Amechonga fisi. Unanililia nini?" Kisha akaacha kazi yake, na hapo nikajua amekasirika kweli, maana mzee yule hakuacha kazi hata kwa chakula. "Na hilo nakusamehe, ni ujinga wa ujana. Lakini leo hukuwa ukikimbilia maji. Leo umeulizwa mbele za watu, ukatoa nusu ya ukweli na nusu ukairudisha mfukoni. Baba yako hakuzaa mtu wa nusu."

Nikajitetea. Nikasema kazi itakwenda, mke ana mimba, watanitupa jangwani.

"Huyo mke umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Unaona upumbavu wangu? Nilimfanya kisingizio bila ruhusa yake. Nilipofika nyumbani nikamweleza, na Ndunge, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema, "Mimi nilikuwa hapa wakinywa chai yangu. Nilisikia kila kitu. Tangu siku ile nangoja nijue nimeolewa na nani." Akaendelea kuchambua maharagwe. Niliona aibu kuliko niliyoiona mbele ya kamati.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Mwenyekiti akasema, "Wewe ulishajibu." Nikamwambia, "Mheshimiwa, nilijibu nusu." Akaniamuru nikae. Waandishi wa habari walikuwa kule nyuma, wakaanza kunyoosha shingo, na mimi miguu ikakataa kukaa, si kwa ushujaa, ni kwa hofu tu, ikaganda. Nikasema nilisaini karatasi zikiwa tupu, kosa ni langu. Nikasema sijawahi kumpeleka Mkubwa kwao hata mara moja. Nikasema Jumamosi mbili kati ya hizo nne, gari lile lilikuwa kwenye karakana ya serikali, injini imeshushwa chini, na daftari la karakana lipo, wakalitazame. Walikwenda kulitazama, kwa kuwa waandishi walikwenda kwanza, na wakakuta ni kama nilivyosema.

Sasa usidhani nitakwambia tulishinda. Wiki hiyo hiyo nilifukuzwa kazi kwa kusaini karatasi tupu, na haikuwa dhuluma, nilikuwa nimekosa. Mwezi haukuisha, Mkubwa naye akaondolewa. Majalada ya viwanja yakafungiwa, na leo baadhi ya viwanja hivyo vina maghorofa juu yake. Mimi nikapata lori la kiwandani, nikaendesha miaka mingi, nikasomesha. Inaniuma hadi leo kwamba siku ile ya kwanza niliketi.

Lakini barua ya kumwondoa Mkubwa ilikuwa na mistari miwili tu: kwamba huduma zake hazihitajiki tena, na kwamba anashukuriwa. Saruji haikutajwa. Walitaka kumtoa kama mwizi, wakalazimika kumtoa bila sababu. Alipofariki nilikwenda mazishini. Binti yake akasimama kusoma wasifu wa marehemu, akasoma shule alizosoma baba yake, ndoa yake, kazi zake. Alipofika kwenye ile ofisi, hakuruka mstari. Alisoma barua yote neno kwa neno, kichwa juu, mbele ya wajukuu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiweke jina lako mahali ambapo kazi haijafanyika, hata kama ofisi nzima inaweka, hata kama anayekuomba ni rafiki. Ukiulizwa jambo na ukweli wake una sehemu mbili, toa zote mbili, kwa sababu wanaokuomba moja tu wanajua ya pili ina kazi gani. Ukiwa mkubwa wa watu, usidharau kosa dogo la dereva wako. Adui yako halidharau. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, rudi kesho yake asubuhi, usingoje wiki. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyo hulelewa na mwenyewe. Usifanye haya ili ulipwe, mimi sikulipwa. Fanya ili siku mtu wako akisimama kusoma habari zako mbele za watu, asitafute pa kuruka.

Mungu akupe mkono usio na pupa na mdomo usiogawa ukweli nusu nusu. Akupe mke au mume atakayekuuliza maswali magumu. Na ukitoka nyumbani asubuhi na jina ulilopewa na wazazi wako, jioni urudi nalo zima.