Moshi Aliouona Mama Mkwe

Kuna watu wakiona kuku wanawaza mchuzi. Mimi nikiona kuku, hasa tetea mweusi, naona aibu. Nitaeleza kwa nini, ila nitazunguka kidogo, maana mambo yangu hayajawahi kunyooka. Hata shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma mara mbili.

Miaka ile ya tisini, serikali ilipoachia biashara ziende zenyewe, mimi nilipunguzwa kazini. Nilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa magari. Nyumbani walijua mimi ni fundi. Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kujaza matairi upepo. Fundi akiita spana kumi na tatu, natoa kumi na tatu. Kwa kuangalia unajifunza, sikatai, lakini unajifunza vipande vipande, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zinazokufa.

Basi tulipotolewa nikaenda Buzuruga, karibu na stendi, nikafungua gereji. Gereji ni neno kubwa, ilikuwa turubai na gogo la kukalia. Magari yalikuwa yanaongezeka mjini kila wiki, yale yaliyotumika, yanakuja kwa njia ya Dubai, na spea zake zinauzwa zimemwagwa chini kama viazi. Kila mwenye bisibisi alikuwa fundi. Na mimi nikaitwa fundi, nikaitika.

Sasa nije kwa wakwe. Wazazi wa mke wangu walikaa Kisesa, upande wa kwenda Bujora. Baba mkwe alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, rangi yake ilishakuwa rangi ya vumbi. Mama mkwe yeye alikuwa mtu wa desturi. Kanisani anakaa benchi la mbele, lakini kwa mkwe hakuna cha kanisa. Kwetu Wasukuma, na zamani hizo kuliko sasa, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawasemeshani ovyo. Nikiingia uani anageuza mgongo. Akiwa na la kuniambia, anawaambia kuku.

"Kuku nyie, kuna mgeni hajanawa mikono. Maji yako kwenye kopo."

Nanawa.

"Kuku, huyo mgeni anakula kama ndege. Au mboga haina chumvi?"

Naongeza tonge. Ndivyo tulivyoishi, na nakwambia tulielewana kuliko watu wengi wanaotazamana.

Alhamisi moja nikaitwa. Baba mkwe alikuwa amesimama kando ya pikapu, kofia mkononi.

"Mkwe wangu, gari limeota kiburi. Nikizungusha ufunguo linasema tik, linanyamaza."

"Shikamoo baba. Lilianza lini?"

"Marahaba. Wiki ya pili hii. Majirani wamechoka kusukuma, sasa wakiniona nashika ufunguo wanaingia ndani."

Nikawasha taa, zikawaka kali. Nikazungusha ufunguo, tik, taa zikafifia kidogo tu. Betri nzima, basi nikaona jibu ni moja tu, stata. Hiki chuma ndicho kinachozungusha injini mpaka ishike, na mimi niliwahi kukiosha kiwandani mara nyingi, kwa hiyo nilikijua. Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Nilichagua kile nilichokijua.

Haraka ilikuwepo. Dada yake mama mkwe, waliyefuatana kuzaliwa, alikuwa mgonjwa huko Sengerema, ametuma neno kwamba anataka kumwona mdogo wake. Mama mkwe alikuwa na nyonga mbovu tangu aanguke kisimani, hawezi kupanda gari la abiria wala kukaa wima safari nzima. Mpango ulikuwa atandikiwe godoro nyuma ya pikapu, wavuke ziwa na gari kwa kivuko mpaka Kamanga, waendelee. Siku waliyopanga ni Jumamosi.

"Jumamosi asubuhi litawaka," nikasema. Hakuna aliyenilazimisha kusema.

Nikaomba walisukume kwanza mpaka chini, kwenye kivuli cha jiwe kubwa, nisiunguzwe na jua. Kushuka lilishuka lenyewe. Nikafungua boneti, nikazungusha ufunguo mara nyingine tatu nne, kumwonyesha mzee jinsi stata inavyokufa. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, mgongo kwangu nusu, anachambua maharage. Tetea mweusi anazunguka miguuni kwake.

"Kuku," akasema, "mbona kila ufunguo ukizungushwa kuna moshi pale? Kwenye ule uzi wa chuma mwembamba. Kidogo tu, kama wa sigara."

Nilisikia vizuri sana. Nilijua hata anasema uzi gani. Ni waya wa choki, ule unaouvuta ndani ya gari asubuhi injini ikiwa ya baridi. Nikawaza, choki haina umeme, choki ni kamba tu. Na badala ya kunyamaza, nikamgeukia mzee nikacheka, nikasema kwa sauti, "Siku hizi Kisesa hata kuku ni mafundi!"

Mzee alicheka kidogo, cheko la kunisaidia. Mama mkwe aliendelea na maharage yake.

Nikaifungua stata, nikaipeleka Buzuruga. Nilipoijaribu juu ya gogo, kabla sijagusa kitu chochote, ilizunguka ikalia kama nyuki. Mwenye akili angejiuliza, kama nzima, kwa nini kwenye gari inakataa? Mimi nikabadilisha kaboni zake, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikajisifu.

Jumamosi saa mbili godoro lilikuwa limetandikwa. Mama mkwe amevaa kitenge kipya, magotini ameshika mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo dada yake alivipenda tangu wakiwa wasichana. Majirani wamekuja kuaga. Nikafunga stata, nikapanda, nikazungusha.

Tik.

Nikashuka. Nikakaza betri, nikapanda. Tik. Jasho likaanza. Mzee akanisogelea, akasema taratibu ili wengine wasisikie.

"Mwanangu, tufunge maksai walivute mpaka juu. Kule kwenye mteremko tutalisukuma liwake, twende zetu."

Maksai wanne walikuwa pale pale zizini, na nira zao. Nusu saa tu ingetosha. Lakini nikawatazama wale majirani, nikawaza gari lililotengenezwa na mimi, fundi wa mjini, linavutwa na ng'ombe mbele ya ukweni kwangu.

"Baba, nipe saa moja."

Jirani mmoja, mzee mwenye meno mawili, akadakia, "Mpeni saa yake. Ikishindikana, ng'ombe wapande nyuma ya pikapu na yeye avute!"

Wakacheka, na kadiri walivyocheka mimi nikazidi kuwa mgumu. Mzee hakunilazimisha tena. Mkwe naye anaheshimiwa, hilo ndilo lililonipa nafasi ya kuwaharibia siku. Saa moja ikawa tatu, zikawa sita. Nilifungua swichi, nikabadilisha nyaya, nikafungua stata tena. Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Mama mkwe alibaki juu ya godoro, mfuko magotini, ametazama upande wa ziwa ingawa kutoka pale ziwa halionekani.

Jua lilipoanza kulala nikaegemea injini wakati mzee anazungusha ufunguo. Mkono wangu ukagusa waya wa choki. Ukaniunguza, nikaruka. Na moshi nikauona, kidogo tu, kama wa sigara.

Umeme ukienda kwenye stata lazima urudi kwenye betri. Kuna waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, hiyo ndiyo njia yake ya kurudi. Nikaingia chini nikaupapasa. Ulikuwa umeoza, umebaki nyuzi mbili za kijani. Umeme ukikosa njia hiyo ulikuwa unalazimisha kupita kwenye waya wa choki, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukiuchoma. Nikafunga waya mwingine kutoka kwenye betri mpaka kwenye injini. Mzee akazungusha, gari likaunguruma mara moja.

Saa hiyo kivuko cha mwisho kisingesubiri.

"Ilikuwa nini?" mzee akauliza, amefurahi.

"Stata, baba. Ilikuwa haijakaa sawasawa."

Ndivyo nilivyosema, huku kidole kinaniwaka.

Walivuka Jumapili asubuhi, mimi nikiwa nao nyuma. Pale Kamanga tuliteremka tukamkuta mtoto wa dada yake amekuja kutupokea, kajifunga kitenge kiunoni kama mfiwa, na kabla hajafungua mdomo mama mkwe alishajua. Dada yake alikata roho Jumamosi jioni. Mtoto akasema, bila ubaya wowote, "Mchana wote alikuwa anauliza kama gari limefika." Matobolwa yaliliwa na waombolezaji.

Baada ya hapo nikienda Kisesa, mama mkwe hakuwaambia kuku chochote. Chakula kinaletwa na mtu, maji yanaletwa na mtu. Kimya kile nilikistahili, lakini kilinishinda. Siku moja tukiwa wawili tu uani, nikainama kwa yule tetea mweusi, nikasema, "Kuku, haikuwa stata. Ulikuwa ule moshi. Niliambiwa nikasikia, nikacheka."

Mama mkwe akasema, mgongo kwangu, "Kuku, mimi nilijua tangu jioni ile. Asiyejua ni mzee. Aambiwe yeye."

Nikainuka, nikatoka nje. Baba mkwe alikuwa anafuta kioo cha pikapu kwa kitambaa. Aliponiona akatabasamu, akamwambia mgeni aliyesimama naye, "Huyu ndiye fundi wangu. Stata ile aliitengeneza yeye, haijawahi kusumbua tena."

Nikamwambia shikamoo baba. Akaitikia marahaba. Nikachukua kitambaa, nikamsaidia kufuta kioo cha upande wa pili, na mpaka anazikwa sikumwambia.