Mzee Maige Hakukataa Kijiji

Saa kumi na mbili asubuhi, wodi ya watoto katika hospitali moja mjini Mwanza inanuka dawa ya kudekia na maziwa yaliyochacha. Ng'washi Maige amemaliza zamu ya usiku lakini bado hajavua aproni. Ameingiza viganja vyote viwili chini ya kichwa cha mtoto wa miezi saba, anakigeuza taratibu, kisha anakilaza juu ya ngata ya pamba aliyoishona mwenyewe.

"Kisipogeuzwa, ngozi ya kisogo inachubuka," anasema. "Mwenyewe hana nguvu. Kichwa kimeizidi shingo."

Mama wa mtoto, Odeta, amekuja kwa meli kutoka Nansio. Kichwa cha mwanawe kilipoanza kukua kuliko mwili, na macho kushuka kama ya mtu anayetazama chini, majirani walimwambia alipita penye kaburi akiwa mjamzito. Ng'washi humwambia asiwasikilize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ng'washi ni mhudumu wa wodi. Anadeki, anafua nepi, anawalisha uji watoto ambao mama zao wamezidiwa na usingizi. Sabuni ikikosekana, hufua kwa maji matupu. Kazi hii imemchosha, naye haoni haya kulisema hilo. Ugonjwa wa maji kichwani aliujua kwa alama moja tu, kichwa kikubwa. Ndiyo maana ulipompata baba yake hakuutambua.

Mzee Maige alikuwa mkulima wa pamba huko Misungwi. Kaya zilipohamishiwa kijiji kipya mwaka juzi, naye alihama, akajenga nyumba kwenye mstari kama wengine. Baadaye akaanza kuburuta miguu, kana kwamba nyayo zimegandia ardhini. Kwenye shamba la kijiji alifika kwa kuchelewa, mara nyingine hakufika kabisa. Walipomtafuta walimkuta amekaa kwenye mahame, pale palipokuwa na nyumba yake ya zamani, suruali imelowa mkojo.

Kijiji hakikukawia kupata jibu: mzee hataki ujamaa, anajifanya kilema ili arudishwe kwake. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Wakamsimanga kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya wakwe na wajukuu. Naye alikaa kimya, kwa kuwa alikwisha kusahau ameulizwa nini. Inauma hata kuisimulia.

Ngosha, mwanawe anayeishi naye, aliamini pia. "Nilimwambia, baba, unatuaibisha," anasema bila kuinua uso. "Mtu aliyelima vile, anashindwaje kuvuka kizingiti?"

Ng'washi alimleta mjini kwa sababu ya ule mkojo tu. Daktari Bagenda alimtazama akitembea kwenye baraza, akamwomba ageuke. Mzee aligeuka kwa vihatua vingi, mkono ukutani.

"Kila mtu ana maji kichwani, yanatengenezwa na kuondoka," daktari anaeleza. "Yasipoondoka vizuri, kichwa cha mtoto mchanga kinapanuka, maana mifupa haijashikana. Kwa mkubwa fuvu limekwisha kufunga. Kijana ataumwa kichwa asubuhi na kutapika. Mzee miguu inakuwa mizito, mkojo unamponyoka, anasahau, na watu wanasema ni uzee tu."

Ng'washi aliposikia hayo alikaa kwenye benchi akalia. "Miaka yote nageuza vichwa vya watoto wa watu," anasema, "na baba yangu mwenyewe anasimangwa mkutanoni."

Tiba ni upasuaji, lakini mzee alikuwa ameapa kwamba kichwa chake hakitatobolewa akiwa hai. Daktari akaanza kwa kujaribu: alitoa maji kidogo kwa sindano mgongoni, maana maji ya kichwani hushuka mpaka huko. Kesho yake mzee alitembea mpaka getini na kurudi, akauliza kama mvua imenyesha Misungwi. Kisha akauliza, "Siku ile ya mkutano, walisema nini juu yangu?"

Ng'washi akamweleza yote, maana aliuliza kwa akili timamu.

"Basi nipelekeni nikapasuliwe," mzee akasema. "Mimi sikukataa kijiji, mwanangu. Nyumba ile ya kwenye mstari niliijenga kwa mikono yangu."

Nafuu ile haikudumu. Wiki haijaisha miguu iliganda tena, na leo mzee hakumbuki kama aliwahi kusema hivyo.

Upasuaji wa kuweka mpira mwembamba wa kushusha maji tumboni utafanyika Dar es Salaam, na daktari ameonya wasichelewe. Odeta naye amepata nafasi ya mwanawe. Watasafiri pamoja kwa treni, na Ng'washi, aliyeomba likizo, atakuwa akimgeuza mtoto huku na kumshika mzee kule.

"Anaweza asipone vizuri, nimeelezwa wazi," anasema huku akifungua aproni. "Lakini akirudi nitampeleka kwenye mkutano wao. Maneno akiyasahau, nitamsemea. Kusimama tu, asimame mwenyewe, wamwone."